Robo eka ya kihamba mwaka mzima: mwongozo kamili kwa walioko Moshi na Arusha

Mwezi wa 1 jua linawaka Kibosho huku mpaka mabati yanalia, na hapo ndo mi nakuwa na kazi nyingi kuliko mwezi mwingine wowote. Wapita njia wananipa shikamoo mama afu wanauliza, sasa unachimba nini na mvua yenyewe haipo? Nachimba mashimo ya mwezi wa 3. Kiukweli ukiniuliza kitu kimoja tu kuhusu kuishi kwa bustani na mifugo midogo huku kwetu nitakuambia hicho hicho, kwamba kazi ya msimu inafanyika msimu uliopita. Masika inatengenezwa Januari, mboga za kiangazi cha mwezi wa 9 zinatengenezwa masika maji yakiwa mengi, na kuku wa Krismasi anaatamiwa mwezi wa 6. Anayesubiri mvua inyeshe ndo aanze kutafuta samadi na mbegu tayari kachelewa wiki 3, na wiki 3 kwenye maharage ni mavuno yote.

Nina robo eka, kama mita za mraba 1000 hivi, sehemu ya kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa kuzunguka nyumba) cha familia, na nalisha watu 6 humo kwa mboga, ndizi, mayai na maziwa kidogo. Sinunui mchicha. Nanunua mchele, sukari, chumvi, mafuta na unga miezi mingine. Nitaenda na miezi ilivyo, lakini kuna mambo ya mwanzo lazima yakae sawa kwanza.

Jua uko wapi

Huku juu mlimani, kwenye ukanda wa migomba na kahawa, mvua ni nyingi na baridi ipo. Ukishuka Moshi mjini, Pasua, Kahe, ni joto na ukame, huko migomba bila maji ya kumwagilia itakusumbua. Arusha mjini iko juu kama mita 1400 kwahiyo mwezi wa 6 na wa 7 baridi yake si ya mchezo, lakini ukienda Kisongo kumekauka, ukienda Tengeru na Usa River maji yapo. Usichukue kalenda ya mtu wa Tengeru ukaipeleka Kisongo hivyo hivyo.

Kwa ujumla masika inaanza katikati ya mwezi wa 3 mpaka wa 5, mwezi wa 4 ndo inamwaga kweli. Wa 6 mpaka wa 8 baridi na mawingu, mlima hauonekani siku nzima. Wa 9 na wa 10 jua na upepo. Vuli kuanzia mwisho wa 10 au wa 11 mpaka wa 12, nayo haiaminiki, mwaka mwingine inakuja nzuri mwaka mwingine matone tu. Wa 1 na wa 2 joto.

Afu tembea kwenye eneo lako mvua ikiwa inanyesha, vaa mabuti utoke nje uangalie maji yanatokea wapi yanapita wapi yanasimama wapi. Hiyo nusu saa itakuambia pa kuweka magimbi (penye maji), pa kuweka kitalu (pasipotuama), na pa kuchimba kontua ya kuzuia udongo usiende kwa jirani wa chini. Mboga za majani weka karibu na jiko, hatua 10 usizidi, kwa sababu bustani iliyoko mbali na jiko haimwagiliwi na haichumwi kwa wakati, na maji ya kusuuzia vyombo na mboga yanatakiwa yaende hapo hapo kwenye migomba na sio kwenye mtaro.

Wazee wetu walishaligundua hili zamani. Kihamba cha Kichagga kina ghorofa: juu kabisa miti mikubwa kama mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi, maharage na majani ya mifugo, na masale pembeni kuonyesha mpaka. Shimbwe Juu kule Uru ilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia kwa ajili ya mpangilio huu huu. Kwahiyo ukinunua kiwanja usianze kwa kukata kila mti ili "kupata jua". Punguza matawi, acha mti. Kivuli chepesi ndo kinafanya udongo ukae na unyevu mwezi wa 9.

Maji kabla ya mbegu

Hesabu ni rahisi, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 1000, toa zinazomwagika na zinazorukia nje unabaki na kama 800. Mvua moja tu hiyo! Sasa fikiria mwezi mzima wa 4 maji hayo yanavyokimbia barabarani. Kama bajeti ni ndogo anza na gata upande mmoja wa nyumba na pipa moja la lita 200, mwaka unaofuata ongeza tenki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie ipite bila kukinga, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na funika tenki kwa wavu, mbu hawahitaji mwaliko.

Kama unapitiwa na mfongo (mfereji wa asili wa maji) shika zamu yako ya maji na ushiriki msaragambo (kazi ya pamoja) wa kuusafisha, usitume hela tu kila mwaka. Pale kwenye kusafisha ndo unajua nani ana mbegu nzuri ya mchare (ndizi ya kupika), nani ng'ombe wake kazaa, nani anauza samadi.

Mboji, tuanze Januari

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo moyo wa kila kitu.

Chagua sehemu yenye kivuli, karibu na banda. Lima chini kidogo udongo uwe laini, upana mita 1 na nusu, urefu wowote. Weka matawi membamba au mabua chini kabisa hewa ipite. Kisha tabaka za vitu vikavu (majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi, nyasi kavu) kiasi cha shubiri, juu yake vibichi (magugu yasiyo na mbegu, maganda ya jikoni, majani ya alizeti mwitu), afu samadi, afu udongo kidogo wa juu na jivu la kutupia tu. Mwagilia. Rudia mpaka rundo lifike kiunoni au kifuani. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi, ukijaza vibichi peke yake linaoza na kunuka. Alizeti mwitu ni yale maua ya njano yanayojaa pembeni mwa barabara, watu wanayafyeka na kuchoma moto na roho inaniuma, yale majani yana nguvu sana na yanaoza haraka.

Majani ya mkaratusi usitie. Nyama na mifupa usitie, mbwa watafumua rundo lote usiku.

Sasa chomeka fimbo ndefu katikati, kwa kulaza kidogo, mpaka ifike chini. Funika rundo kwa majani ya migomba. Siku ya 5 chomoa fimbo uishike kwa kiganja sehemu iliyokuwa ndani. Ikiwa ya moto kiasi unataka kuiachia, na ina unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, na harufu ni ya udongo wa msituni, rundo liko hai. Ikiwa ya moto lakini kavu na ina unga mweupe, mwagilia. Ikiwa ya baridi na imelowa inanuka, maji yamezidi au hewa hamna, fumua uchanganye na vikavu. Ikiwa ya baridi na kavu hujafanya kitu bado, ongeza samadi na maji. Mi hiyo fimbo naishika kila nikipita kwenda kukamua mbuzi, imekuwa kama kumshika mtoto paji la uso.

Geuza baada ya wiki 3, juu kuwe chini na pembeni kuwe katikati, afu tena baada ya wiki 3 nyingine. Kwa joto la Januari mpaka mwisho wa mwezi wa 3 unapata mboji nyeusi laini, ukianza mwezi wa 6 na ile baridi itachukua muda zaidi. Kwahiyo unaona kwa nini nahangaika jua likiwaka.

Migomba: chimba wa 1 na wa 2, panda wa 3

Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uweke kulia, wa chini kushoto, nafasi mita 3 kutoka shimo hadi shimo. Changanya udongo wa juu na madebe 2 ya samadi iliyooza au mboji, rudisha shimoni, acha likae mpaka mvua ianze.

Chipukizi zuri ni lile lenye majani membamba kama sime, urefu kama mita moja, limetoka kwenye shina la mama lenye mkungu mzuri. Yale yenye majani mapana tangu madogo yaache, yanadanganya kwa unene lakini hayana nguvu chini.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa machipukizi 12 ya mchare nikafurahi nikayapanda siku ile ile na udongo wake kwenye mizizi. Yakaota vizuri tu, majani ya kijani, watu wakasifia. Mwaka uliofuata mwezi wa 8 upepo ukaja usiku, asubuhi nikakuta 9 yamelala chini na mikungu midogo juu. Nilipogeuza shina, kule chini kwenye tunguu kumetobolewa mashimo meusi meusi kama sponji na funza weupe wamo ndani. Fukusi wa migomba. Walikuja na machipukizi, mi mwenyewe niliwapanda.

Tangu hapo nafanya hivi. Nachukua panga kali, nakata mizizi yote, namenya lile tunguu kama unavyomenya kiazi kikubwa mpaka libaki jeupe tupu. Ukikuta mstari wa kahawia unaingia ndani mfuate kwa ncha ya panga, ukiisha upesi sawa, ukizidi kwenda ndani tupa hilo chipukizi mbali na shamba, usilihurumie. Yaliyobaki meupe nachemsha maji kwenye sufuria kubwa la sherehe, yakiwa yanatokota kabisa nazamisha tunguu kwa sekunde 30, natoa. Sekunde 30 za kuhesabu, usiende kupokea simu. Napanda siku hiyo hiyo au kesho yake. Maganda yote ya kumenya naanika juani yakauke kabisa, hayaendi kwenye mboji mabichi.

Na shambani ukishavuna mkungu pasua shina vipande vya kama sentimita 30, vilaze upande uliokatwa uangalie chini, karibu na mashina. Fukusi wanafuata ile harufu usiku, asubuhi unageuza unawakusanya unawaua au unawapa kuku. Badilisha vipande kila baada ya siku chache.

Kwenye shina acha watatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Wengine ng'oa. Najua inauma kung'oa lakini shina lenye ndugu 8 linakupa mikungu ya kuonea huruma. Huku juu tangu kupanda mpaka mkungu wa kwanza ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, baada ya hapo ukipanga hao watatu vizuri unavuna mfululizo.

Aina: mchare kwa mtori na kupika, ndizi ng'ombe kwa mbege (pombe ya ndizi), kisukari kwa watoto ila kisukari kinashikwa na mnyauko wa panama, majani yanakuwa ya njano kuanzia ya chini yananing'inia kama sketi na ukikata shina ndani kuna rangi ya kahawia. Mnyauko huo ukiingia kwenye udongo hautoki, kwahiyo hapo usirudie kisukari, weka aina za kina Jamaica zinazouvumilia zaidi au panda kitu kingine.

Masika

Ardhi ikilowa kina cha kidole chote, panda maharage. Nafasi sentimita 50 mstari hadi mstari, 20 shimo hadi shimo, mbegu 2. Lyamungu 90 na Jesca zinafanya vizuri huku na zinapikika haraka, Selian 97 pia, zote zimetoka kwenye utafiti wa kaskazini hii hii. Chini ya migomba iliyokomaa usijaze sana, jua halifiki. Magimbi yaende penye maji.

Palizi ya kwanza wiki ya 2 au ya 3, usiingie shambani majani yakiwa na umande maana unabeba magonjwa kwa nguo kutoka mche hadi mche.

Nyanya za wazi mwezi wa 4 sikushauri. Kila mwaka kuna mtu anajaribu kwa sababu bei ya mwezi wa 6 inavutia, na kila mwaka bakajani (ugonjwa wa kuoza majani) inapita wiki moja shamba lote linakuwa kama limemwagiwa maji ya moto. Ukitaka kweli jenga kibanda cha nailoni juu, pembeni wazi, miche 20 au 30 ya nyumbani inatosha.

Masika ndo wakati wa kupanda miti, parachichi, mringaringa, na mabingobingo kwenye kingo za kontua kwa ajili ya mifugo na kuzuia udongo. Kahawa kama unayo au unataka kuanza nenda Lyamungo kwa watafiti wa kahawa TaCRI uulize miche ya chotara inayovumilia chimbuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, usihangaike na ile ya zamani inayotaka kupigwa dawa kila mara.

Matandazo weka mapema, majani makavu ya migomba kila sehemu iliyo wazi, ila yaache kiganja kimoja mbali na shina ukiyasogeza sana yanaozesha. Matandazo ya mwezi wa 5 ndo unyevu wa mwezi wa 9, nimeshasema sitachoka kusema.

Baridi: wa 6 mpaka wa 8

Kabichi, karoti, sukuma wiki, chainizi, vitunguu vya majani, hivi vinapenda baridi. Kitalu kiwe upana mita 1 ili ufikie katikati bila kukanyaga, mistari ya sentimita 10 hadi 15, mbegu kina cha sentimita 1 tu, funika nyasi nyepesi mpaka ziote afu uondoe jioni usiondoe mchana. Miche ikifika wiki 4 ina majani 4 au 5 unahamisha jioni, sukuma 60 kwa 45.

Mnavu usiusahau jamani. Unachelewa kwenye baridi lakini ukishashika unachuma miezi. Ukifika shubiri moja kata kichwa, utoe matawi ya pembeni, na maua ukiyaona yatoe la sivyo unaenda kwenye mbegu na majani yanakuwa machungu. Pale Tengeru kuna kituo cha utafiti wa mboga kina mbegu za mboga za asili zilizoboreshwa, na siku ya soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, wakina mama wanauza miche yenyewe.

Vidukari vitakuja kwenye sukuma na maharage. Mi natumia utupa, ule mti mdogo wenye maua meupe au ya zambarau. Majani nakausha kivulini, natwanga, kilo 1 ya unga kwa lita 10 za maji, sabuni kidogo, inalala usiku, nachuja na kupiga jioni. Lakini utupa ni ule ule wanaotumia kuulia samaki, kwahiyo usioshee pampu kwenye mfongo wala karibu na kisima, vaa glavu, na mboga uliyopiga subiri siku kadhaa na uoshe vizuri. Mtoto asichezee.

Maharage unayavuna wa 7 kuelekea wa 8. Yakauke mpaka ukiuma kwa jino yanavunjika hayabonyei. Ya mbegu chagua mashambani kabla ya kung'oa, funga uzi kwenye mimea mizuri isiyo na madoa, usisubiri uje uchague kwenye gunia. Hifadhi kwenye chupa za plastiki zilizokauka kabisa, jaza mpaka shingoni, tikisa yashuke, jaza tena, funga kwa nguvu na usifungue. Wadudu wakikosa hewa wanakufa wenyewe humo ndani. Mafuta ya kula kijiko kidogo kwa kilo, ukayapakaza vizuri, yanasaidia kwa ya kula.

Kuku na mbuzi

Ng'ombe mwenye kilo 400 anakula majani mabichi karibu kilo 40 kwa siku, robo eka haiwezi, utakuwa unanunua majani au unamkondesha. Mbuzi wa maziwa 2 wanakaa vizuri, wape mabingobingo yaliyonyauka kidogo, majani ya maharage, mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, jiwe la chumvi, maji safi. Banda la kuinuliwa kwa mbao zenye nafasi, mavi yanadondoka chini unayakusanya kwa koleo, mboji hiyo.

Kuku kienyeji 10 na jogoo 1 wanatosha. Mwezi wa 6 mpaka wa 7 kuku akitaka kuatamia mpe mayai 10 mpaka 12, siku 21. Vifaranga wa kipindi cha baridi wanakufa kwa ubaridi zaidi kuliko ugonjwa, kwahiyo weka boksi lenye maranda na chungu cha mkaa kwa mbali au taa, wakijikusanya pamoja wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni wanaungua. Jogoo wa mwezi wa 6 anafika mwezi wa 12 akiwa na miezi 5 au 6, na mwezi wa 12 ndo Wachagga wote wanarudi nyumbani, hakuna jogoo anayelala sokoni.

Lakini kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku. Niliwahi kupoteza kuku 23 ndani ya siku 6 mwezi wa 9, mmoja alianza na shingo imepinda, kinyesi kijani, kesho watatu, keshokutwa sikuhesabu. Nilikuwa nimechanja mara moja nikaona inatosha. Haitoshi. Chanjo ya matone ni kila miezi 3, hata kama kuku wana afya, na hasa kabla kiangazi hakijaanza, mwezi wa 8. Nenda duka la mifugo na chupa ya chai yenye barafu, chanjo ibaki kwenye ubaridi. Jioni kuku wakiwa wameingia bandani mshike mmoja mmoja, mlaze ubavu, jicho liangalie juu, dondosha tone 1 katikati ya jicho bila kugusa kwa ncha ya chupa, subiri apepese, tone lizame, ndo umwachie. Akitikisa kichwa likamwagika rudia. Chupa moja ina dozi nyingi kwahiyo panga siku moja na majirani, na itawasaidia zaidi hivyo maana kuku wa jirani asiyechanjwa ndo anamletea wako. Aliyeanza kuumwa chanjo haimponyi.

Kiangazi: wa 9 na wa 10

Hapa ndo utajua kama masika ulifanya kazi. Maji ya tenki yaende kwenye mboga na miche tu, migomba inaishi kwa matandazo na maji ya jikoni. Mwagilia jioni au alfajiri, kwenye shina, mara chache lakini maji mengi, sio kunyunyizia kila siku juu juu.

Bustani ya kiroba ni mkombozi, hata kwa mtu wa chumba cha kupanga Njiro au Majengo. Chukua kiroba kikubwa, kopo la kilo 2 lililokatwa kitako liweke katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu, afu vuta kopo juu, jaza kokoto tena, udongo tena, mpaka juu. Unapata nguzo ya mawe katikati ambayo maji yanapita mpaka chini. Toboa matundu pembeni kwa kupishanisha, pachika sukuma na mchicha, juu weka nyanya 2. Ndoo moja kwa siku inatosha na mboga inatoka karibu kila siku.

Nyanya kitalu mwisho wa 7, kuhamisha mwisho wa 8, kuvuna wa 10 na wa 11. Tanya na Tengeru 97 ni mbegu za huku huku, unaweza kutunza mbegu zake mwenyewe, tofauti na chotara za dukani. Mbegu zitoe kwenye nyanya iliyoiva shambani, ziache na maji yake kwenye kikombe siku 2 au 3 mpaka zitoe povu, osha, kausha kivulini kwenye sahani usiweke kwenye karatasi zitaganda. Miti ya kusimamishia weka mapema, vichipukizi vya kwapani toa kwa mkono.

Kantangaze (mdudu wa nyanya) utamjua kwa mistari meupe kama ramani ndani ya jani na vitundu kwenye tunda. Chuma majani yote yenye mistari kila siku 2 uyafukie kwa kina au uyafunge kwenye nailoni juani, weka mtego wa harufu kwa ajili ya wazazi wa kiume, na pale palipokuwa na nyanya, biringanya, ngogwe au viazi mviringo usirudie ukoo huo huo, peleka maharage au kabichi. Kitako cha nyanya kikiwa cheusi kimebonyea sio mdudu, ni maji ya leo mengi kesho hamna pamoja na upungufu wa chokaa, rekebisha umwagiliaji kwanza kabla hujakimbilia dawa.

Vuli mpaka mwaka mpya

Mvua ya kwanza ikigusa panda vitu vifupi: mchicha (wiki 3 au 4 unakula), chainizi, maharage kama wingu linaonekana linakaa. Usiweke mbegu yako yote kwenye vuli, weka nusu. Nyingine ibaki chupani kwa masika.

Safisha gata, kagua tenki. Punguza matawi ya miti, majani yake yaende kwenye matandazo. Chanjo ya kuku tena mwezi wa 11.

Ndizi za mwezi wa 12 usizivune zote kwa pamoja kwa sababu wageni wamekuja, mkungu wa mchare uuze ukiwa kijani, ndizi ng'ombe za mbege ziwahi kuvunwa ziive, ulezi uoteshwe mapema. Kwenye masoko ya Kwa Sadala na Mbuyuni bei wiki ya Krismasi inapanda, wapelekee mapema asubuhi.

Wageni wakishaondoka tarehe 2 au 3 mwezi wa 1, nyumba inabaki na rundo la maganda ya ndizi, machicha ya mbege, manyoya ya kuku, majivu ya mafiga matatu, majani ya migomba yaliyokalisha watu uwanjani. Mbuzi wanapata sehemu ya machicha, kidogo kidogo maana yakizidi wanavimba tumbo. Vingine vyote navibeba kwa karai mpaka pale kwenye kivuli nyuma ya banda, naweka matawi chini, tabaka kavu, tabaka mbichi, samadi, maji. Afu nachomeka ile fimbo.